Simu za Matapeli Nyumbani: Kata, Kisha Piga Mwenyewe

Tapeli hawezi kutoa hata shilingi moja kwenye laini yako kwa kuongea tu. Ni lazima akufanye wewe mwenyewe ufanye kitu: utume pesa, umtajie PIN au taarifa zako za siri, umsomee nambari iliyoingia kwa ujumbe, au ubonyeze anachokuelekeza kwenye simu. Kila anachosema, iwe mtoto amevunjika mguu au laini inafungwa leo jioni, kinakusukuma kuelekea moja ya hayo manne. Kwa hiyo kazi ya kumzuia haianzi simu inapolia. Inaanza siku watu wa nyumba wanapokaa pamoja na kukubaliana kwamba hakuna hata moja kati ya hayo manne litakalofanywa na mtu ambaye bado ana mgeni kwenye laini.

Mwongozo huu unawafaa watu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Vihiga na hata Nakuru: nyumba ambayo mama ana simu janja, nyanya yuko kijijini na kabambe yake (simu ndogo ya vibonye), mtoto mmoja yuko shule ya bweni, na karibu kila senti inapitia M-PESA. Nambari nyingi za huduma zilizotajwa hapa ni za Safaricom kwa sababu hiyo.

Kanuni ya nyumba

Kata. Kisha piga mwenyewe, kwa nambari uliyokuwa nayo kabla ya simu hiyo kuingia.

Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtu anakata simu vizuri, halafu anapiga ile ile iliyompigia, au anapiga nambari ambayo huyo huyo amemtajia kuwa ni "ya daktari." Hapo bado yuko mikononi mwao. Daktari huyo ameketi pembeni ya "mwalimu" aliyepiga kwanza.

Kwa nini ukate badala ya kuendelea kuuliza maswali? Kwa sababu ukiwa kwenye laini huwezi kupigia shule, huwezi kumuuliza mume wako wala dada yako, na huwezi kusoma ujumbe kwa utulivu. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana husema "usikate, nakusubiri hapa hapa." Mwalimu wa kweli, muuguzi wa kweli na mtu wa benki wa kweli hawaudhiki ukisema utapiga mwenyewe.

Wafundishe wote nyumbani sentensi moja na waizoee kuitamka: "Nimekusikia, nitapiga mwenyewe." Basi. Usimtukane, usimwambie umemgundua, usimuulize kama anapigia kutoka jela ya Kamiti au mji wa Mulot. Wengine hupenda kuwapotezea matapeli muda. Hatushauri hivyo hata kidogo, kwa maana katika mabishano ndipo mtu hutaja jina la mtoto, benki anayotumia, au kwamba mzee yuko Nairobi na yeye yuko peke yake.

Karatasi ya ukutani

Kanuni hiyo haifanyi kazi kama huna nambari za kupiga. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi, ibandike mahali ambapo watu huchajia simu. Kijijini, mpe nyanya nakala yake na umwekee ndani ya nailoni isilowe. Iwe na haya:

- Ofisi ya shule na mwalimu wa darasa wa kila mtoto. Nakili kutoka kwenye barua ya kujiunga na shule au karatasi ya karo, si kutoka kwenye kundi la WhatsApp.
- Safaricom: 100 ukiwa na laini yao, 0722 002 100 ukitumia laini ya mtandao mwingine. Na chini yake: "Safaricom wakikupigia hutumia 0722 000 000 pekee."
- 456: kupelekea ujumbe wa M-PESA pesa ikienda kwa makosa. 333: kuripoti nambari ya tapeli, bila malipo.
- Kenya Power: 97771. Tokeni hulipwa paybill 888880, bili ya kawaida 888888.
- Malipo ya serikali kupitia eCitizen: paybill 222222.
- Benki: nambari iliyo nyuma ya kadi ya ATM.
- DCI (wapelelezi wa polisi): 0800 722 203, simu ya bure.
- Ndugu wawili wa kupigiwa wakati wowote, hata usiku.

Nambari za paybill zina faida ambayo wengi hawaitambui. Mtu akidai stima itakatwa, au cheti chako kimekwama, halafu akataka pesa iende kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, huna haja ya kupima kama sauti yake ni ya kuaminika. Malipo ya huduma hizo yana njia yake, na njia hiyo iko ukutani.

Kujua jina lako si uthibitisho

Watu wengi hulegea mara tu wanaposikia majina yao matatu yakitajwa. Lakini yeyote anaweza kuingiza nambari yako kwenye M-PESA kana kwamba anakutumia pesa, jina likajitokeza kwenye skrini, kisha akasitisha. Nambari ya kitambulisho unaiandika kwenye kitabu cha mlinzi langoni. Jina la mtoto na shule yake liko Facebook pamoja na picha ya siku ya kufungua shule. Makundi ya mchango wa matanga na harusi nayo huorodhesha majina, nambari na kiasi alichotoa kila mmoja, na huwa na watu mia mbili ambao nusu yao hawajuani.

Lugha pia si uthibitisho. Anaweza kukusalimia kwa Dholuo safi au Lubukusu cha kwenu kabisa. Truecaller, programu ya kutambulisha nambari ngeni, nayo husaidia upande mmoja tu: ikikuonyesha kwamba watu wengi wameripoti nambari hiyo, iamini. Ikikuonyesha "Customer Care" au "Mwl. Mkuu," usiiamini, kwa kuwa mwenye nambari anaweza kujiandika jina analotaka.

Kwa ndugu na jamaa, wekeni swali la nyumbani. Liwe ni jambo ambalo halijawahi kuandikwa mtandaoni: jina la ng'ombe wa nyanya aliyeuzwa, au nani alianguka kisimani. Mtu akipiga kwa nambari ngeni akisema "Mama, simu yangu imepotea, ni mimi, niko kituo cha polisi," aulizwe hilo. Asipolijua, au akianza kulia badala ya kujibu, kata na upige nambari yake ya zamani. Mara nyingi atapokea akiwa salama kazini.

Simu ya "mwalimu"

Hii ndiyo inayowaumiza wazazi kuliko zote, kwa sababu inagusa mahali ambapo hakuna mzazi anayefikiri kwa utulivu. Mtoto wa bweni haruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo huwezi kumpigia moja kwa moja. Tapeli anategemea pengo hilo.

Sikiliza jinsi inavyokwenda:

"Hello, naongea na mzazi?"
"Ndiyo, nani mwenzangu?"
"Mimi ni mwalimu wa zamu hapa shuleni. Kuna mwanafunzi ameanguka, tumemkimbiza hospitali, na nambari yako ndiyo iko kwenye faili yake."
"Mungu wangu! Ni Brian? Yuko sawa?"
"Ndiyo, ni Brian."

Hakujua habari za Brian hadi alipoambiwa. Hakutaja shule, hakutaja darasa, na mzazi ndiye aliyemjazia. Kuanzia hapo atamwita "Brian wetu," na mama atasadiki kabisa. Kisha inaingia sauti ya pili, "daktari," ikitaka pesa ya picha ya kichwa au dawa isiyopatikana hospitalini. Pesa itatakiwa kwa nambari binafsi, na itatakiwa sasa hivi, kabla ya mtoto kuingizwa chumba cha upasuaji.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Usitaje jina la mtoto. Uliza: "Mwanafunzi yupi, wa darasa gani, na shule gani?" Kama anajibu swali kwa swali, umeshapata jibu lako.
2. Hata akitaja jina sahihi, sema sentensi ile ile: nimekusikia, nitapiga mwenyewe. Kata.
3. Pigia ofisi ya shule kwa nambari ya ukutani. Isipopokelewa, pigia mwalimu wa darasa, kisha mzazi mwingine wa darasa hilo aliye karibu na shule.
4. Kama ametaja hospitali, kwa mfano ile kuu ya rufaa ya Kisumu au ya kaunti kule Kakamega, mtume mtu aliye mjini aende dirishani kuuliza. Nauli ya boda ni ndogo kuliko kiasi chochote watakachotaka.
5. Usitume chochote hadi mmoja wa watu hao athibitishe.

Woga wa mzazi ni huu: je, kama ni kweli, na mtoto wangu anasubiri pesa ndipo atibiwe? Lichukulie swali hilo kwa uzito, usilipuuze. Mtoto akiumia shuleni, shule ndiyo inayompeleka hospitali, na ofisi itakuwa inalijua jambo hilo. Simu mbili za kuthibitisha huchukua dakika tano. Mwanzoni mwa muhula nenda ofisini uulize mapema: mtoto akiugua, nani hutupigia, kwa nambari ipi, na gharama hulipwa vipi? Andika majibu nyuma ya karatasi ya karo.

"Nimetuma kwako kwa makosa"

Ujumbe unaingia ukisema umepokea Ksh 3,500 kutoka kwa fulani. Baada ya dakika moja simu inalia: mama analia, pesa ilikuwa ya dawa za mtoto, tafadhali mrudishie. Kuna njia mbili za kutapeliwa hapa, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza, pesa haikuingia. Ujumbe umetoka kwenye nambari ya simu ya kawaida, umeandikwa ufanane na wa M-PESA. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, na hukaa mlolongo mmoja na jumbe zako zote za zamani za M-PESA. Lakini usiishie kusoma ujumbe, kwa kuwa ujumbe unaweza kuigwa. Piga *334#, angalia salio. Kama salio halijabadilika, hakuna pesa ya kurudisha, hata ujumbe uwe mzuri namna gani.

Ya pili, pesa imeingia kweli. Hapa wengi wenye moyo mzuri hukosea. Usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma apeleke ujumbe wake wa M-PESA kwa 456, na Safaricom watairudisha wenyewe. Ukiituma, anaweza bado kuomba irudishwe upande wa pili, ukapoteza mara mbili. Akitaka uitume kwa nambari tofauti na ile iliyotuma, jua kwamba huenda ni pesa iliyoibwa kwa mtu mwingine, na anataka ipite kwako ili alama ibaki kwenye jina lako. Iache pesa hiyo ilivyo, usiitumie, piga 100 ueleze.

Wanaouza viazi Molo, samaki Dunga au mahindi Kitale wafuate kanuni hiyo hiyo ya salio. Mzigo usipakiwe kwa sababu mnunuzi ameonyesha ujumbe kwenye simu yake. Upakiwe salio likishaongezeka kwenye simu ya muuzaji.

Anayejiita wa Safaricom

Huyu huanza kwa adabu. Laini yako haijasajiliwa vizuri, au kuna mtu anajaribu kuisajili kwa jina lake, au umepata pointi za zawadi. Anataka "kukusaidia." Ukiona simu haitoki 0722 000 000, kata. Na hata skrini ikionyesha nambari hiyo, PIN haitajwi kwa mtu yeyote. Mfanyakazi wa kweli hana haja nayo.

Ana njia kadhaa za kukunasa, na inafaa uzijue moja moja kwa kuwa kila moja ina ishara yake.

Njia ya kukuelekeza kwenye menyu. Anasema fungua M-PESA, chagua "Toa Pesa," weka "msimbo wa usajili," kisha weka "msimbo wa uthibitisho 4850," halafu malizia kwa PIN yako, "usinitajie mimi, weka tu." Hiyo ya kutokutajia PIN inamfanya aonekane mwaminifu. Ukweli ni kwamba msimbo wa kwanza ni nambari ya wakala, na 4850 ni kiasi cha pesa. Umetoa shilingi 4,850 kwa wakala ambako mwenzake anasubiri. Kinga yake: soma neno lililo kwenye skrini, usifuate neno analolitamka. Skrini ikisema "Kiasi," unachoandika ni pesa. Mawakala wenyewe hupigiwa simu za aina hii wakiambiwa mashine inajaribiwa, kwa hiyo kama una duka la M-PESA, mfundishe kijana wa dukani kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Njia ya ombi la kulipa. Mkiwa mnaongea, skrini inajitokezea yenyewe ikitaka PIN. Ombi hilo limetumwa na yeye, na ukisoma maandishi utaona kiasi na jina la anayelipwa. Bonyeza kusitisha. PIN huwekwa tu kwenye malipo uliyoyaanzisha wewe.

Njia ya misimbo. Akikwambia ubonyeze kitu kinachoanza na *21* na kufuatiwa na nambari ya simu, simu zako zote zitaanza kwenda kwake. Anachotaka ni kupokea simu za uthibitisho zinazokuja kwako. Kinachoanza na *33* huzuia laini yako kupiga simu nje, usiweze kupigia huduma wakati yeye anaendelea na kazi. Ukishuku umeshabonyeza, piga *#21# kuona kama simu zimeelekezwa kwingine, kisha ##002# kufuta maelekezo yote. Kama huwezi kupiga simu nje kabisa, azima simu ya jirani upige 0722 002 100.

Njia ya kubadilisha laini. Hapa haombi pesa. Anauliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, salio ulilonalo, na mtu wa mwisho uliyemtumia pesa. Hayo ni majibu ya kumwezesha kujifanya wewe mbele ya mhudumu na kupewa kadi mpya yenye nambari yako. Dalili ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu yako huku majirani wote wanao. Usingoje urudi. Azima simu, piga huduma, na uende duka la Safaricom na kitambulisho. Ili kujikinga mapema piga *100*100#, hatua inayofanya laini yako isibadilishwe ila wewe mwenyewe ufike dukani. Piga pia *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti.

Akiingia kwenye laini, tapeli hachukui salio tu. Hukopa kwa jina lako kupitia Fuliza, M-Shwari na mikopo mingine ya simu, na deni linabaki kuwa lako hadi ulipinge. Muamala mmoja wa M-PESA unaweza kufika Ksh 250,000, na laini inaweza kubeba hadi Ksh 500,000. Kwa hiyo pesa ya karo au ya mjengo isilale kwenye laini. Iweke benki, au kwenye akiba iliyofungwa kwa muda.

Nyingine, kwa ufupi

Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, hufanywa kwa *147# au kwenye vituo rasmi. Anayekupigia "kukumalizia usajili" na kutaka umsomee nambari iliyoingia kwa ujumbe, anafungua akaunti yako.

Kazi za KDF (jeshi), polisi na ualimu haziuzwi kwa simu. Hakuna "ada ya faili." Mkopo unaotaka ulipie kwanza ndipo upewe, vivyo hivyo. Kwa mbolea ya ruzuku, uliza kwa chifu au ofisi ya kilimo ya wadi kabla ya kulipa mtu aliyekupigia.

Nambari ya tarakimu sita ya WhatsApp isisomewe mtu, hata akiwa rafiki wa kanisani, kwa maana huenda akaunti yake imeshatekwa. Fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili na uweke PIN yako. Katika kundi la matanga, ujumbe wa kubadilisha nambari ya mweka hazina uthibitishwe kwa kumpigia yeye kwa sauti.

Simu ya kigeni inayolia mara moja na kukatika, isiyoanza na +254, usiipigie kama huna mtu ng'ambo. Unaweza kutozwa gharama kubwa kwa kila dakika.

Dada wa kazi na watoto

Mchana nyumba mara nyingi huwa na dada wa kazi na watoto peke yao. Tapeli humpigia dada akisema, "Mama amenituma, anakuja mtu wa boda kuchukua televisheni ipelekwe kwa fundi, mpe." Au anampigia mtoto anayecheza na simu ya mama. Mpatie dada nambari yako na ya mtu mwingine mmoja, na mkubaliane kwamba hakuna kitu kinachotoka nyumbani hadi asikie sauti yako kwenye nambari yako. Mwambie pia, waziwazi, kwamba hutamkasirikia kamwe kwa kumkatalia mtu, hata ikigundulika baadaye kwamba kweli ulimtuma. Bila ahadi hiyo ataogopa kazi yake na atatoa.

Nyanya na kabambe yake

Wazee hupigiwa kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee: umeongezwa kwenye orodha ya Ksh 2,000 za kila mwezi, tuma ada kidogo. Ukienda nyumbani wikendi, kaa naye. Usimpe hotuba. Mfanyie zoezi: mjukuu atoke nje, ampigie kwa nambari ngeni, ajifanye mtu wa benki, na nyanya ajibu kwa ile sentensi moja. Rudieni mara mbili tatu hadi imtoke bila kufikiri. Anapokosea, mweleze pale pale kwa nini.

Kwenye kabambe, hifadhi jina la kila mtoto na mjukuu, ili simu isiyo na jina iwe ishara tosha ya kuwa mwangalifu. Badilisha PIN kama ni mwaka wa kuzaliwa, na uifute pale ilipoandikwa nyuma ya simu. Kama nyanya hutegemea kijana wa duka amwekee PIN kila anapotoa pesa, mfundishe mtu mmoja wa familia afanye kazi hiyo.

Kuzuia nambari

Kwenye simu nyingi za Android, fungua orodha ya simu zilizopigwa, gandamiza nambari, uchague kuzuia. Kwenye kabambe nyingi chaguo hilo liko kwenye mipangilio ya simu. Fanya hivyo, lakini usilitegemee sana: wana laini nyingi. Wala usizime simu zote za nambari ngeni kama una mtoto wa bweni au biashara, kwa kuwa hata habari za kweli huja kwa nambari ngeni. Kabla ya kuzuia, peleka nambari hiyo kwa 333.

Ukishatapeliwa

Pesa iliyoibwa haikai. Hurushwa kwenye laini nyingine na kutolewa kwa wakala, wakati mwingine kabla hujakata simu. Fanya haya bila kuacha nafasi ya kujilaumu:

1. Peleka ujumbe wa M-PESA wa muamala huo kwa 456.
2. Piga 100, sema ni wizi na uombe kiasi hicho kizuiwe. Kuwa na msimbo wa muamala mkononi.
3. Badilisha PIN kupitia *334#. Kama umechelewa, mwombe mhudumu afunge akaunti ya M-PESA kwa muda.
4. Pigia benki kama akaunti imeunganishwa na simu hiyo.
5. Waambie ndugu. Mara nyingi simu inayofuata huenda kwao, ikisema wewe ndiye uliye na shida.
6. Nenda kituo cha polisi cha karibu, andikisha, na usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Bila hiyo, kufuatilia Safaricom, benki au DCI huwa kugumu. Utapeli wa aina hii unashughulikiwa pia na sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018.

Usifute chochote: ujumbe, orodha ya simu, wala mazungumzo ya WhatsApp. Piga picha za skrini na umtumie ndugu mmoja azihifadhi. Siku hiyo hiyo andika saa, nambari zilizopiga na maneno uliyoambiwa, kwa kuwa kufikia kesho utakuwa umesahau nusu.

Anayetapeliwa akiwa mzee au dada wa kazi, asifokewe mbele ya watu. Aliyefokewa leo ataficha kesho, na wizi uliofichwa kwa siku mbili hauna tena pesa ya kuzuia.

Wiki ifuatayo kuwa macho kwa simu ya mtu anayedai anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada ndogo, akijitambulisha kama mpelelezi au wakili. Nambari yako sasa iko kwenye orodha ya waliowahi kulipa. Omba taarifa ya M-PESA ya mwezi huo, pitia kila mstari ukitafuta mikopo usiyoichukua, na upeleke malalamiko kuhusu mikopo hiyo kwa aliyekopesha pamoja na nambari ya OB.